Misuli ya Jicho na Majina Yake ya Tabia

Kila jicho la binadamu huzungushwa na misuli sita. Vitabu vya leo vya anatomia huitaja kwa mlalo na mahali ilipo: *rectus* ni ulionyooka, *obliquus* ni wa mshazari. Wataalamu wa zamani wa Ulaya, walioandika kwa Kilatini, waliipa majina ya tabia za watu.

Msuli wa juu ulionyooka uliitwa *superbus*, mwenye kiburi, kwa kuwa ndio unaoinua macho ya mtu anayejiona. Wa chini, unaoyainamisha, ukawa *humilis*, mnyenyekevu. Wa upande wa sikio ulikuwa *indignatorius*, wa ghadhabu, kwani aliyeudhika hutupa jicho la pembeni. Miwili ya mshazari ikaitwa *amatorii*, ya wapendanao, kwa ajili ya macho ya kurembua.

Ulibaki wa upande wa pua: *bibitorius*, kutokana na *bibere*, kunywa. Ulevi haumo. Mtu akipeleka kikombe mdomoni huku akitazama ndani yake, macho yote mawili huvutwa kuelekea puani, na msuli huu ndio unaoyavuta.

Mwaka 1895 wanaanatomia walipitisha orodha rasmi ya majina mjini Basel, Uswisi, nayo ikashika yale ya mlalo na mahali.

Hata hivyo, neva ya 6 ya kichwa bado huitwa *abducens*, yaani inayopeleka kando. Ndiyo inayouamrisha ule msuli wa ghadhabu. Ikipooza, jicho huvutwa puani na mgonjwa huona vitu viwili viwili, hasa vya mbali.

Neva ya 4 ni *trochlearis*, kutokana na *trochlea*, kapi. Msuli wake, wa mshazari wa juu, huanzia nyuma ya tundu la jicho; kano yake hupenya kitanzi cha gegedu karibu na pua, kisha hugeuka na kurudi nyuma hadi kwenye jicho, kama kamba ya tanga inavyopita kwenye kapi. Mwaka 1664 tabibu Mwingereza Thomas Willis aliipa neva hiyo jina la *pathetici*, ya hisia.

Ikilegea, mgonjwa hutatizika kushuka ngazi, maana huona vidato viwili badala ya kimoja, na huinamisha kichwa upande wa pili ili picha zikutane. Ndiyo maana daktari wa macho huomba picha za mgonjwa za utotoni: kichwa kikionekana kimeinama hata humo, huenda kasoro ni ya kuzaliwa nayo.