Siri ya kuunda vifaru vidogo vilivyoteketea vitani

VITA vinapokwisha, majeshi hurudi kambini na kuacha nyuma mizoga ya chuma. Nje ya jiji la Asmara nchini Eritrea, kuna uwanja ambako vifaru, malori na magari mengine ya kivita yamerundikwa kwa miaka mingi. Hayo ni masalio ya vita vya ukombozi vilivyodumu kuanzia 1961 hadi 1991.

Mizoga ya aina hiyo ndiyo inayowashughulisha baadhi ya wapenzi wa sanaa ya kuunda sanamu ndogo za zana za kijeshi. Badala ya kuunda kifaru kipya kinachong'aa, wao huunda kilichopigwa, kikaungua na kutelekezwa.

Kwa mtazamaji wa mbali, kazi hiyo huonekana rahisi. Atadhani kwamba inatosha kununua kifaru cha plastiki, kukivunjavunja, kisha kukipaka rangi ya kutu. Ukweli ni kwamba kifaru kilichoharibika ni kigumu kuundwa kuliko kizima, kwa kuwa kila tundu, kila bati lililopinda na kila doa la masizi lazima liwe na sababu.

Pafukapo moshi pana moto, walisema wahenga. Fundi anayepaka masizi mahali ambapo moto haukuweza kufika huwa ameunda pambo tu, si kumbukumbu ya jambo lililotokea.

Kipimo kilichotokana na betri

Sanamu nyingi za vifaru huundwa kwa kipimo cha 1:35. Maana yake ni kuwa kila sentimita 35 za kifaru halisi huwakilishwa na sentimita 1 ya plastiki.

Kipimo hicho hakikutokana na hesabu za wanajeshi. Kilianza mwanzoni mwa miaka ya 1960 wakati kampuni ya Tamiya ya Shizuoka, Japani, ilipotengeneza sanamu ya kifaru cha Kijerumani cha Panther iliyoendeshwa kwa mota. Ukubwa wake ulichaguliwa ili betri zipate nafasi ndani. Baadaye, kampuni ilipotaka kutengeneza vifaru vingine vinavyolingana na hicho, ilikipima na kupata kuwa ni takriban 1:35.

Tangu wakati huo, sanaa hii imepanuka mno. Miongoni mwa waliochangia ni Mmarekani Shepard Paine, aliyefariki 2015. Kitabu chake cha 1980 kuhusu uundaji wa mandhari ndogo kiliwafunza wengi kwamba sanamu yafaa isimulie kisa, wala si kuonyesha umbo la chombo pekee.

Kifaru kinachofaa kuelezea kazi hii ni T-55, ambacho kilianza kutengenezwa katika Muungano wa Kisovieti mnamo 1958 na kutumika katika vita vingi barani Afrika. Jeshi la Ethiopia lilikuwa na vifaru vingi vya T-54 na T-55 lilipokuwa likipigana na wapiganaji wa Eritrea.

T-55 halisi ina uzito wa takriban tani 36 na upana wa mita 3.27. Urefu wake hukaribia mita 9 mzinga ukielekezwa mbele. Ikipunguzwa kwa kipimo cha 1:35, huwa na upana wa sentimita 9.3 na urefu wa takriban sentimita 26. Ni chombo kinachoweza kukaa juu ya meza ndogo bila shida.

Jeraha husomwa kwanza

Kabla ya kushika kisu au gundi, fundi hodari hutafuta picha za mizoga halisi na kujiuliza maswali matatu. Kifaru kilipigwa na nini? Kilipigwa kutoka upande upi? Je, kiliwaka moto au kilisimama tu?

Majibu ya maswali hayo ndiyo huamua ukubwa wa tundu. Kombora la kurushwa begani la aina ya RPG halipasui chuma kwa uzito wake. Mlipuko wake husukuma madini kwa kasi kubwa yakawa kama sindano inayopenya. Tundu linaloachwa nje huwa dogo, pengine la kutosha kidole tu. Katika kipimo cha 1:35, tundu hilo halifiki hata milimita 1.

Kwa upande mwingine, kombora gumu la mzinga wa milimita 100 huacha tundu linalokaribia unene wake. Kwenye sanamu, hilo huwa takriban milimita 3, na hutobolewa kwa keekee ndogo ya mkono.

Hapa ndipo wanaoanza hukosea. Wao huchoma plastiki kwa msumari wa moto na kuacha pengo linaloweza kupitisha kidole gumba. Pengo kama hilo, likikuzwa mara 35, lingekuwa mlango wa kupita mtu mzima.

Bomu lililotegwa ardhini nalo huacha dalili tofauti. Hukata mnyororo na kung'oa gurudumu la mbele, ilhali sehemu ya juu ya kifaru inaweza kubaki bila mkwaruzo. T-55 ina magurudumu matano kila upande, na kati ya la kwanza na la pili kuna nafasi pana kuliko nyingine. Fundi asiyeijua nafasi hiyo atapanga vibaya hata magurudumu yaliyobaki.

Mkebe wa soda wapata kazi

Tatizo jingine ni unene. Chuma cha mbele cha T-55 kina unene wa milimita 100, kwa hivyo plastiki ya karibu milimita 3 hukiwakilisha vyema. Lakini madigadi yaliyo juu ya minyororo ni bati jembamba, na plastiki ya kiwandani huyafanya yaonekane kama mbao.

Suluhisho hupatikana jikoni. Bati la mkebe wa soda lina unene wa takriban milimita 0.1, ambao ukizidishwa mara 35 huwa milimita 3.5. Hukatwa kwa makasi na kubandikwa mahali pa madigadi ya plastiki. Likishabandikwa, hukunjwa kwa koleo hadi lipinde jinsi bati halisi linavyopinda likigongwa.

Iwapo kifaru kilipasuka, sehemu za ndani nazo huonekana. Baadhi ya watengenezaji, wakiwemo MiniArt wa Ukraine, huuza seti za T-54 na T-55 zenye injini, viti na rafu za makombora. Sehemu hizo humsaidia fundi anayetaka kuonyesha kifaru kilichorushwa kuba, yaani kile kichwa cha chuma kinachobeba mzinga.

Kuba hurushwa kwa sababu inayoeleweka. T-55 hubeba makombora 43, mengine yakiwa karibu na dereva. Moto ukiyafikia, hulipuka ndani ya chumba kilichofungwa, na nguvu hiyo hutafuta njia ya kutokea. Kuba hukaa mahali pake kwa uzito wake zaidi ya kitu kingine chochote, kwa hivyo hung'oka na kuanguka kando.

Moto una kanuni zake

Kifaru kilichoungua hakisimami kama kizima. Mpira unaozunguka magurudumu huteketea wote na kuacha vyuma vitupu. Vyuma virefu vinavyojipinda chini ya sakafu ili kubeba uzito navyo hupoteza ugumu wake kwa joto. Matokeo yake ni kwamba kifaru hushuka na kukaribia ardhi, wakati mwingine kikiinamia upande mmoja.

Fundi asiyezingatia jambo hilo huunda mzoga uliosimama wima kana kwamba utaondoka wakati wowote.

Rangi pia hufuata moto. Mahali palipowaka sana, rangi ya kijani huteketea, na chuma kilichobaki bila kinga hushika kutu upesi. Kutu changa huelekea rangi ya chungwa, nayo ya zamani huwa ya kahawia iliyokolea. Kandokando ya magurudumu hubaki majivu meupe ya mpira. Masizi hupanda juu ya vifuniko na matundu, kwani moshi hutafuta pa kutokea. Sehemu ambayo moto haukufika inaweza kubaki na rangi yake ya awali.

Ili kupata sura hiyo, mafundi hupaka kwanza rangi ya kutu na kuiacha ikauke. Kisha hupuliza dawa ya nywele, na juu yake hupaka rangi ya kijani inayochanganyika na maji. Baadaye husugua taratibu kwa brashi yenye maji. Dawa huyeyuka, rangi ya juu hubanduka vipande vipande, na kutu ikachomoza. Unga wa chaki uliosagwa huongezwa mwishoni kuwakilisha vumbi, majivu na masizi.

Umri wa mzoga pia lazima uamuliwe. Uliochomwa asubuhi hautakuwa na nyasi. Uliokaa miaka 10 utakuwa umeota mimea na kuibwa vifaa vyake, kwa kuwa waya za shaba na chuma chakavu huwa na wanunuzi.

Chuma kinachobeba historia

Umuhimu wa uangalifu huu wote huonekana katika kisa cha Afabet cha Machi 1988. Wapiganaji wa EPLF waliuzuia msafara wa vifaru na magari ya Ethiopia katika njia nyembamba ya milimani kwa kuyapiga yaliyotangulia. Msafara uliponasa, ndege za Ethiopia zililipua zana zake zenyewe ili zisitekwe.

Kwa hivyo, anayeunda kifaru cha msafara huo hawezi kuweka matundu ubavuni kwa kubahatisha. Kifaru cha mbele kilijeruhiwa na adui aliyekuwa milimani, ilhali cha nyuma huenda kilipigwa kutoka angani na wenyewe. Majeraha hayo mawili yakichanganywa, historia nayo huwa imepotoshwa.

Vilevile, si kila kifaru kilichonaswa kiligeuka chuma chakavu. EPLF ilikarabati vingi na kuvitumia, na vilivyokufa vikatoa vipuri kwa vilivyo hai. Mjini Massawa, uliotekwa Februari 1990, vifaru vitatu vimewekwa juu ya jukwaa kuwa ukumbusho. Mzoga usio na mzinga au magurudumu, basi, unaweza kuwa ulinyofolewa na mafundi wala si kupigwa.

Jambo jingine la kuzingatia ni usalama. Mizoga halisi si mahali pa kupandia ili kupima au kupiga picha. Ndani yake mnaweza kuwa na makombora ambayo hayajalipuka, na ardhi inayoizunguka inaweza kuwa na mabomu. Nchini Iraq, majeshi ya Marekani na Uingereza yalitumia makombora yenye madini ya urani katika vita vya 1991 na 2003, na vumbi lake ni sumu likivutwa puani. Picha zilizopigwa kutoka mbali zatosha.

Lakini swali gumu zaidi halihusu rangi wala vipimo. T-55 huendeshwa na watu wanne: kamanda, dereva, mlenga shabaha na mpakiaji wa makombora. Vifuniko vikiwa wazi, mtazamaji huelewa kwamba huenda waliwahi kutoka. Vikiwa vimefungwa na kuba limeng'oka, huelewa kinyume chake.

Ndiyo sababu mafundi wengi hawaweki miili katika mandhari zao. Kiatu kimoja kando ya mnyororo au kofia iliyoangushwa penye vumbi hueleza ya kutosha. Wapo wanaoshikilia kuwa kuficha vifo ni kuipamba vita, na wapo wanaosema kuwa kuvionyesha ni kuwakosea heshima waliofariki na jamaa zao. Pande zote mbili zinakubaliana kwamba kufunga au kufungua kifuniko kile kidogo, kisichofika hata sentimita 2, ni uamuzi kuhusu maisha ya watu wanne.