Maji Yaliyo Chini ya Mchanga

Ukambani ni nchi iliyo mashariki ya Nairobi, katika Kenya, nayo ni nchi ya vilima, miiba na mito ya mchanga. Mgeni akipita huko mwezi wa Septemba, akafika katika Mto Tiva au Mto Thua, ataona bonde pana lenye mchanga mtupu, wala hataona tone la maji. Atasema, "Mto huu umekufa." Lakini akingoja kidogo atamwona mwanamke akishuka ukingoni na punda wake na madebe, akipiga magoti na kufukua mchanga kwa kata. Baada ya kitambo maji huanza kujikusanya chini ya shimo, safi na baridi. Kumbe mto haukufa, umejificha tu.

Mvua za huko huja mara mbili kwa mwaka: masika, tangu Machi hata Mei, na vuli, tangu Oktoba hata Desemba. Mkulima wa Ukambani huitegemea vuli zaidi, maana masika humdanganya mara nyingi. Lakini vuli nayo hukosa. Wakamba wana desturi ya kuzipa njaa zao majina. Ile ya mwaka 1984 waliiita Nikwa Ngwete, yaani, "Ninakufa nami nimeshika". Kwa kuwa mtu alikuwa na fedha mkononi, na dukani hamna chakula cha kununua. Jina hilo moja lafundisha mengi kuliko hesabu ya magunia.

Tangu vuli ya 2020 hata vuli ya 2022, majira matano ya mvua yalifuatana, na yote yalikuwa haba katika sehemu nyingi za Kenya, Somalia na Ethiopia. Ukame kama huo haukuonekana kwa muda wa miaka 40. Kisha vuli ya 2023 ikaja kwa nguvu, ikabomoa madaraja na kuchukua mashamba. Wataalamu wameonyesha kwamba joto la dunia linazidi kwa sababu ya makaa na mafuta yanayochomwa katika viwanda na magari, na zaidi katika nchi tajiri. Hewa ikipata joto hunyonya unyevu wa udongo upesi. Kwa hiyo hata mvua ambayo zamani ingalitosha, sasa haitoshi. Tena hewa ya joto hubeba mvuke mwingi, na mvua ikinyesha huanguka kwa kishindo. Maji hukimbia juu ya udongo mgumu, mto hujaa kwa saa chache, na kesho yake mchanga umebaki peke yake.

Basi kazi ya watu ni kuyakamata maji hayo yapitapo. Njia moja ni kujenga ukuta wa mawe na saruji, kukata mto toka ukingo hata ukingo. Ukuta huo sharti usimame juu ya mwamba. Ukijengwa juu ya udongo, maji hupenya chini yake na kuuangusha. Mara nyingi kimo chake ni kama cha mtu mmoja au wawili. Mafuriko yajapo, mchanga mzito hutua nyuma ya ukuta, na tope jepesi huruka juu yake na kwenda zake. Huenda yakapita majira mawili au matatu kabla bwawa halijajaa mchanga, na hapo wasiojua hucheka, wakisema bwawa limeharibika. Hawajui kwamba ndilo linaanza kufaa.

Mwanafunzi aweza kulijaribu jambo hili mwenyewe. Atwae kikombe, akijaze mchanga mkavu, kisha amimine maji polepole. Ataona kwamba kikombe kilichokwisha kujaa kinapokea maji bado, karibu theluthi moja ya kikombe, kwa maana kati ya chembe na chembe mna nafasi. Ndivyo lilivyo bwawa la mchanga. Jua haliyafikii maji yaliyo chini, mbu hawezi kutaga mayai yake humo, na mchanga huyachuja. Hata hivyo wenye busara huzungushia mashimo miiba, ng'ombe wasije wakayachafua.

Ukuta peke yake hautoshi. Udongo mwororo wa mashambani ukiteremka mtoni huziba zile nafasi, na bwawa halishiki maji. Kwa hiyo watu huchimba mitaro kando ya vilima na kutupa udongo upande wa juu, na matuta hayo huitwa fanya juu. Kazi zote mbili hufanywa na vikundi vya majirani, viitwavyo mwethya, na wengi wao ni wanawake. Wao ndio wanaojua urefu wa njia ya kwenda majini. Kwa mikono ya namna hiyo mamia ya mabwawa yamejengwa katika Kitui, Machakos na Makueni.

Adui wa mabwawa haya si jua tu. Mji wa Nairobi wajengwa kila siku, nao wataka mchanga. Magari makubwa hushuka mitoni, na vijana wasio na kazi hulipwa kuyapakia. Ni vigumu kuwalaumu mwaka ambao mahindi yamekauka, lakini mto uliokombwa mchanga hata mwambani hauna pa kuweka maji. Ugomvi huo umewaumiza watu, hata wengine wameuawa. Mwaka 2015 Makueni ilitunga sheria ya kuutunza mchanga. Katika vijiji vingine wenyeji hulinda mto wao wenyewe, na zamu za usiku ndizo ngumu, kwa kuwa magari hupenda kuja gizani.