Kilimo cha nyanya katika vyombo

Kilimo cha nyanya katika vyombo ni ukuzaji wa mnyanya (jina la kisayansi: Solanum lycopersicum) ndani ya ndoo, magunia, madumu, vyungu au matairi, badala ya kuupanda moja kwa moja ardhini. Kwa kawaida hufanyika nyumbani, karibu na jiko, kwa ajili ya mboga ya familia. Makala hii inahusu hasa nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma nchini Tanzania, katika wilaya za Kasulu na Kibondo. Huko faida ya njia hii si kuokoa nafasi tu: inamwezesha mkulima kuchagua udongo usio na magonjwa na kuukinga mmea na mvua.

Mazingira

Kasulu na Kibondo ziko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo zina ubaridi kuliko mji wa Kigoma ulio kando ya Ziwa Tanganyika. Mvua hunyesha katika msimu mmoja mrefu, takriban kuanzia Oktoba hadi mwanzoni mwa Mei, na kiangazi hudumu kuanzia Juni hadi Septemba. Wakati wa mvua mnyanya hushambuliwa na ukungu. Wakati wa kiangazi hukosa maji. Chombo husaidia katika hali zote mbili, kwa sababu kinaweza kuhamishwa na kwa sababu maji machache ya nyumbani huwekwa penye mizizi tu.

Bustani ndogo za nyumbani zina umuhimu wa pekee katika kambi za wakimbizi za eneo hili. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilianzishwa mwaka 1996 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Kongo. Kambi ya Nduta, wilayani Kibondo, ilifunguliwa tena mwaka 2015 ili kupokea wakimbizi kutoka Burundi. Kiwanja cha kila kaya ni kidogo na kutoka kambini kunahitaji kibali, hivyo gunia lililojazwa udongo linaweza kuwa ndilo shamba pekee la familia.

Vyombo

Aina ndefu za nyanya zinahitaji chombo cha lita 20 kwa kila mche. Aina fupi zinaweza kutosheka na lita 10. Kina cha udongo kisipungue sentimita 30. Chini hutobolewa matundu matano hadi manane yenye upana wa kidole kidogo, kisha chombo huinuliwa juu ya mawe au matofali ili maji yatoke na mizizi isigusane na udongo wa uani.

Vyombo vilivyowahi kuwekwa viuatilifu, rangi au mafuta ya mitambo havifai hata vikioshwa. Dumu linalopitisha mwanga hupakwa udongo au chokaa kwa nje, kwa kuwa mwanga huotesha ukijani ndani na jua kali huunguza mizizi.

Katika gunia kubwa, nguzo ya kokoto husimamishwa katikati tangu chini hadi juu ili maji yafike kote. Nyanya hupandwa juu, na mboga za majani hupandwa katika matundu ya ubavuni.

Udongo

Udongo mwekundu wa eneo hili ukijazwa peke yake ndani ya ndoo hushikana na kuwa mgumu. Mchanganyiko unaofaa ni sehemu mbili za udongo wa juu, sehemu moja ya mboji au samadi iliyoiva, na sehemu moja ya mchanga wa mtoni. Samadi mbichi huunguza mizizi. Majivu ya kuni, kiasi cha konzi moja kwa ndoo, hupunguza uchachu wa udongo na kuongeza potasiamu na kalisi. Yakizidi huharibu udongo.

Jambo la kwanza la kuuliza ni udongo umetoka wapi. Usichotwe mahali palipolimwa nyanya, viazi mviringo, bilinganya, nyanya chungu, pilipili au tumbaku katika miaka ya karibuni. Mimea hii yote ni ya familia moja, na huachiana magonjwa, hasa mnyauko bakteria unaosababishwa na Ralstonia solanacearum. Mnyauko wa migomba husababishwa na bakteria wengine, nao si hatari kwa nyanya. Lakini udongo wa migombani unaweza kuwa na minyoo fundo, ambayo hushambulia migomba na nyanya pia.

Udongo unaotiliwa shaka husafishwa kwa jua wakati wa kiangazi. Huloweshwa, hutandazwa kwa unene usiozidi sentimita 20, kisha hufunikwa kwa nailoni angavu iliyobanwa pembeni kwa wiki nne hadi sita. Joto hupunguza sana vimelea na mbegu za magugu.

Mbegu na miche

Aina zinazojulikana Tanzania ni pamoja na Tanya, Tengeru 97, Cal J, Roma VF na Money Maker. Tengeru 97 huvumilia minyoo fundo na mnyauko fusari. Herufi V na F katika jina la Roma VF zinaonyesha ukinzani dhidi ya aina mbili za mnyauko, yaani ule wa vertisilia na ule wa fusari. Hazina maana kwamba aina hiyo inastahimili mnyauko bakteria. Money Maker ni aina ndefu inayohitaji mti wa kuegemea.

Mbegu husiwa katika kitalu kwa kina cha sentimita moja. Miche hupandikizwa baada ya wiki nne hadi tano, jioni, ikizikwa hadi karibu na majani ya kwanza kwa sababu shina lililozikwa huotesha mizizi. Mavuno huanza takriban siku 60 hadi 85 baada ya kupandikiza, kutegemea aina na ubaridi.

Mahali na jua

Mnyanya unahitaji jua la moja kwa moja kwa saa sita au zaidi kwa siku. Kuanzia katikati ya Machi hadi mapema Oktoba, jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini katika eneo hili; kwa hiyo wakati wa kiangazi vyombo huwekwa kaskazini mwa nyumba. Kuanzia Oktoba hadi Machi jua huwa kusini, na vyombo huhamishiwa upande huo, chini ya upenu, mahali ambapo jua linafika lakini mvua haiyapigi majani.

Usiku wa baridi wa Juni na Julai unaweza kuangusha maua. Vyombo vikisogezwa karibu na ukuta ulioota jua mchana kutwa, hupata joto kidogo usiku.

Maji na matunzo

Mmea uliokomaa hutumia takriban lita moja hadi mbili za maji kwa siku ya kiangazi. Maji humwagwa asubuhi kwenye udongo, si kwenye majani. Matandazo ya majani makavu ya migomba hupunguza upotevu wa maji.

Kumwagilia kwa pupa baada ya siku kadhaa za ukame husababisha matunda kupasuka na kuoza kitako. Kuoza kitako si ugonjwa wa kuambukiza: tunda hukosa kalisi kwa sababu maji ndiyo yanayoibeba kutoka udongoni. Tiba yake ya kwanza ni kumwagilia kwa kipimo kilekile kila siku.

Aina ndefu hufungwa kwenye mti kwa kamba ya mgomba, bila kukaza, na machipukizi ya kwapani huondolewa yakiwa madogo. Aina fupi hazipogolewi sana. Mbolea yenye naitrojeni nyingi huleta majani mengi na matunda machache.

Magonjwa na wadudu

Bakajani chelewa huenea haraka wakati wa mvua na ukungu. Majani hupata mabaka ya kahawia yenye unyevu, na yanaweza kuoza yote ndani ya siku chache. Majani yenye dalili huondolewa na kufukiwa mbali. Kinga bora ni majani makavu na nafasi ya hewa kupita.

Mnyauko bakteria hunyausha mmea ghafla ukiwa bado wa kijani. Kuutambua, shina hukatwa na kuning'inizwa katika glasi ya maji safi: ute mweupe kama maziwa ukishuka, ni mnyauko bakteria. Hauna dawa. Mmea huchomwa, udongo wake hautumiki tena kwa nyanya, na chombo huoshwa kwa sabuni na kuanikwa juani. Ndoo za jirani zinaweza kupona, jambo ambalo ni gumu katika tuta moja la shambani.

Kantangaze (Tuta absoluta), nondo mwenye asili ya Amerika Kusini, aligunduliwa Tanzania mwaka 2014. Viwavi wake huchimba njia ndani ya majani na kutoboa matunda. Katika vyombo vichache, kukagua majani kila siku na kuteketeza yaliyoshambuliwa huweza kutosha.

Inzi weupe hueneza virusi vya kukunja majani, ambavyo wakulima huviita rasta. Virusi vya batobato la tumbaku huenezwa kwa mikono. Anayevuta au kufunga tumbaku anapaswa kunawa kwa sabuni kabla ya kugusa miche.

Kiuatilifu kikitumika, siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye kibandiko lazima ziishe kabla ya kuchuma, hasa kwa kuwa nyanya huliwa pia mbichi katika kachumbari.

Baada ya mavuno

Udongo wa mmea uliomaliza salama hutumika kwa maharage au mboga za majani, si kwa nyanya tena katika msimu unaofuata. Mbegu za aina za kawaida, kama Tengeru 97, zinaweza kuhifadhiwa: hutolewa katika tunda lililoiva la mmea wenye afya, huachwa zichachuke kwa siku mbili au tatu, huoshwa na kukaushwa kivulini. Mbegu za chotara, zenye alama ya F1 kwenye pakiti, hazitoi uzao unaofanana na mzazi.