Kukosa Siku Si Kurogwa



Jioni moja jirani yangu alinikuta darasani nafuta ubao. Ameolewa miaka mitano, hana mtoto. Miezi minne hajaona siku zake, amenenepa, na kidevuni zinaota ndevu anazonyoa kabla hakujakucha. Mawifi wanasema karogwa, na mume anashauriwa aoe mwingine. Nilimsindikiza zahanati, kisha nikaulizia na kusoma. Amekubali niandike, ila jina lake nisilitaje.

Ni ugonjwa gani?

Ni ugonjwa wa homoni, unaowapata wanawake kama 10 katika kila 100. Shirika la Afya Duniani linasema hadi 70 katika 100 ya wenye nao hawajijui. Madaktari Stein na Leventhal wa Chicago waliueleza mwaka 1935.

Insulini ndiyo inayosaidia sukari iliyo kwenye damu kuingia ndani ya seli za mwili. Mwili ukiwa mgumu kuisikia, hutengenezwa nyingine nyingi, nayo huzichochea ovari kutoa homoni za kiume kupita kiasi. Basi mayai hayakomai, yanabaki kama vifuko vidogo vidogo. Hivyo vifuko si kansa. Unene huzidisha shida, ingawa hata wembamba wanaupata.

Jua na jeni

Ngozi ikipigwa na jua hutengeneza vitamini D. Hiyo vitamini ni kama ufunguo, na kufuli lake limo ndani ya seli zetu, hata za ovari. Jeni tuliyorithi kwa baba na mama ndiyo inayochonga kufuli, na watu hutofautiana kidogo. Wataalamu wamechunguza kama tofauti hizo zinaleta ugonjwa huu kwa wanawake wanene, lakini majibu ya nchi mbalimbali hayakubaliani. Kinachojulikana ni kwamba watu wanene mara nyingi wana vitamini D kidogo katika damu. Kwa hiyo mtu asimlaumu mama mkwe kwa damu ya ukoo, wala asinunue vidonge ovyo akidhani vitamini peke yake itampa mtoto.

Tufanye nini?

Siku zikipotea miezi mitatu na huna mimba, nenda zahanati. Watapima sukari na presha, maana ugonjwa huu unaweza kuleta kisukari. Na siku zikikosekana muda mrefu bila dawa, kansa ya mfuko wa uzazi inaweza kuingia.

Mwenye kilo 90 akipunguza hata 5, siku zinaweza kurudi. Najua mgao hatuuchagui. Lakini tunaweza kupunguza sukari kwenye chai, kuongeza maharage na mboga za majani, na kutembea kila siku. Dawa za kukomaza yai pia zipo, daktari ndiye anayeziandika.

Na nyinyi baba zetu, nendeni pamoja na wake zenu mkapimwe. Shida inaweza kuwa kwa mwanamume pia.

Jirani yangu bado anaendelea na matibabu. Mtoto hajapata, lakini mwezi uliopita aliona siku zake, na safari hii mume wake ndiye aliyemsindikiza.