Laktomita Inavyoelea Kwenye Maziwa

Katika vituo vya kukusanya maziwa huku Kipkelion, maziwa ya mkulima hupimwa kwa laktomita kabla ya kumiminwa kwenye tangi. Ni kifaa cha kioo chenye tumbo zito upande wa chini na shingo nyembamba yenye alama. Mpimaji humimina maziwa polepole kwenye silinda yasije yakafanya povu, huachilia kifaa kielee, kisha husoma alama iliyo usawa na uso wa maziwa. Alama ya 30 maana yake densiti ni 1.030, yaani lita moja ina kilo 1.030. Maziwa ya ng'ombe kwa kawaida huwa kati ya 26 na 32.

Kitu kikitiwa kwenye kioevu husukumwa juu kwa nguvu inayolingana na uzito wa kioevu kilichokipisha. Archimedes wa Sirakusa alilieleza jambo hili zaidi ya miaka 2,200 iliyopita. Kwa hiyo laktomita ya gramu 30 huzama mpaka ihamishe gramu 30 za maziwa, hapo ikatulia. Kwenye maziwa ya 1.030 itahamisha mililita 29.1, yakiwa 1.024, itahitaji 29.3. Tofauti ni matone matatu manne tu, lakini shingo ikiwa na kipenyo cha milimita 5, kifaa hushuka kama milimita 9, na jicho likaona.

Ila densiti haisemi yote. Maziwa ya 30 yakitiwa maji mpaka maji yawe sehemu moja kwa kumi, husomeka 27, na yanapita. Kuna hila mbaya zaidi. Mafuta ni mepesi kuliko maji, hivyo ukiengua krimu yote, maziwa hupanda hadi karibu 36. Ongeza maji kiasi, yarudi 30, na laktomita haitagundua lolote.

Linaloniuma zaidi ni mkulima mwaminifu anayerudishiwa mkebe wake. Maziwa yakipata joto hutanuka, na laktomita iliyotengenezwa kwa nyuzi 20 hupungua takribani alama 0.2 kwa kila nyuzi inayoongezeka. Maziwa halali ya 27 yakipimwa yakiwa na nyuzi 30 husomeka 25. Aliyekama alfajiri na kuyawahisha kwa bodaboda yangali vuguvugu anaweza kuitwa mwizi wa maji bure. Kila kituo kiwe na kipimajoto kando ya laktomita, na maziwa yaliyokamwa sasa hivi yaachwe walau nusu saa yapoe, hewa itoke.

Palipo na shaka, yapimwe yanavyoganda. Maziwa halisi huganda karibu nyuzi 0.54 chini ya sifuri, na maji yanayoongezwa huisogeza nambari hiyo kuelekea sifuri. Kuengua krimu hakuibadilishi, kwa kuwa mafuta hayayeyuki katika maji ya maziwa.