Je, Wajua? The Score, albamu iliyopikwa chini ya nyumba

Je, wajua kwamba The Score, albamu ya kundi la Fugees iliyotoka Februari 1996, ilirekodiwa kwa sehemu kubwa katika studio ya chini ya nyumba huko New Jersey, Marekani?

Wanakundi hao, Wyclef Jean, Lauryn Hill na Pras Michel, walikuwa wametoa albamu yao ya kwanza mwaka 1994, lakini haikufua dafu sokoni. Safari hii mambo yakabadilika.

• Wimbo "Killing Me Softly", uliovuma kwa sauti ya Roberta Flack mwaka 1973, uliwekewa ngoma nzito za mtaani. Lauryn, aliyeuimba upya, alikuwa na miaka 20 tu albamu ilipotoka.

• Wimbo "Ready or Not" ulitumia kipande cha sauti ya Enya, mwimbaji wa Ireland, bila ruhusa yake. Pande mbili zilimalizana bila kufika mahakamani.

• Wana hip-hop waliikubali albamu hiyo, na redio za pop zikaipiga mfululizo. Ilishika namba 1 Marekani, na mwaka 1997 ikazoa tuzo 2 za Grammy, ikiwemo ya albamu bora ya rap.

Baada ya hapo, Fugees hawakutoa tena albamu ya studio.