Vitabu kwa Familia ya Mtoto Mwenye Mdomo Sungura

Mtoto anapozaliwa na mpasuko wa mdomo wa juu, hali ambayo Watanzania wengi huiita mdomo sungura, au na mpasuko wa kaakaa, yaani uwazi katika paa la kinywa linalotenganisha kinywa na pua, familia yake hujikuta na maswali mengi ndani ya saa chache, na maswali hayo hayaji kwa mpangilio ambao vitabu vya tiba huyajibu. Kitabu cha tiba huanza na chanzo, kikaeleza aina, kisha kikafika kwenye upasuaji. Mama aliyejifungua katika kitengo cha wazazi cha Meta jijini Mbeya, au katika hospitali ya Tosamaganga nje ya mji wa Iringa, huanza na swali la namna maziwa yatakavyofika tumboni mwa mtoto kabla jua halijazama. Kitabu kinachoifaa familia ni kile kinachoufuata mpangilio wa mama, na kwa kipimo hicho vitabu vingi vinavyosifiwa duniani huonekana vimepungukiwa, ilhali vijitabu vichache visivyo na sifa kubwa hupanda daraja.

Hata hivyo chanzo hakiwezi kuachwa kwa muda mrefu, kwa sababu majirani hawatakiacha. Uso wa mtoto hujengeka mapema mno: pande mbili za mdomo wa juu hukutana na kuungana kati ya wiki ya 4 na ya 7 ya ujauzito, na kaakaa huungana kati ya wiki ya 6 na ya 9, wakati ambao wanawake wengi ndiyo kwanza wanaanza kushuku kwamba wamepata mimba. Pande hizo zisipofikiana, mpasuko hubaki, na duniani kote hali hii hukadiriwa kumpata takriban mtoto 1 katika kila 700 wanaozaliwa. Wataalamu huieleza kuwa ni matokeo ya urithi kuchanganyika na mazingira, na miongoni mwa mambo yanayojulikana kuongeza uwezekano wake ni uvutaji wa sigara, kisukari ambacho mama alikuwa nacho kabla ya ujauzito, na baadhi ya dawa za kifafa; lakini kwa mtoto mmoja mmoja ni nadra kupata sababu moja ya kunyooshewa kidole. Maelezo haya mafupi, yakiandikwa kwa Kiswahili chepesi ambacho mume na mama mkwe wanaweza kukisoma wenyewe, yana kazi kubwa katika kaya ambamo mpasuko bado hudhaniwa kuwa laana, au malipo ya kosa la mama, kwani lawama ya namna hiyo huweza kumfanya mama amfiche mtoto ndani na kumkosesha kliniki.

Kuhusu ulishaji, kitabu ambacho msomaji wa Kiswahili anaweza kukitegemea kimekuwapo kwa miongo kadhaa. Mahali Pasipo na Daktari, tafsiri ya kitabu cha David Werner ambayo ilichapishwa na Klabu ya Rotary ya Dar es Salaam, kiliandikwa kwa ajili ya wahudumu wa afya wa vijijini, na asili yake ni vijiji vya milima ya Sierra Madre nchini Mexico, ambako Werner alifanya kazi kabla ya kutoa toleo la kwanza la Kihispania mwaka 1973. Kitabu kilichozaliwa milimani, mbali na hospitali, hakihitaji kubadilishwa sana ili kimfae msomaji wa Kilolo au Rungwe. Sehemu yake inayohusu mpasuko wa mdomo na kaakaa ni fupi, nayo huanza pale hasa panapotakiwa, kwa kusema kwamba mtoto anaweza kushindwa kunyonya na kwamba maziwa yaliyokamuliwa yanaweza kutolewa kwa kijiko.

Ufupi huo, hata hivyo, huacha nje mambo ambayo mama huyagundua kwa tabu. Mtoto mwenye mpasuko wa mdomo peke yake mara nyingi huweza kunyonya, kwa kuwa titi lenyewe huziba uwazi. Mwenye mpasuko wa kaakaa hawezi kuvuta, kwa sababu hewa hupita puani na nguvu ya kufyonza haijengeki, hata akionekana ananyonya kwa bidii kutwa nzima. Mtoto wa pili huyu ndiye aliye hatarini kufa kwa njaa huku kila mtu nyumbani akidhani ameshiba. Mama anapaswa kukamua maziwa na kumnywesha kwa kikombe kidogo kisafi au kijiko, akiwa amempakata kichwa kikiwa juu, kidogo kidogo na mara nyingi, na kumcheulisha zaidi ya watoto wengine kwa sababu humeza hewa nyingi. Maziwa yakitoka puani asiogope, amfute tu, atulie kidogo, kisha aendelee. Mlo unaozidi nusu saa humchosha mtoto kiasi kwamba anachokipata hakilingani na nguvu alizotumia. Kurasa mbili za michoro inayoonyesha mikao hiyo zingekuwa na faida kuliko sura nzima ya historia ya upasuaji.

Werner huyohuyo alitoa mwaka 1987 kitabu kingine kikubwa, Disabled Village Children, kilichotokana na PROJIMO, mpango wa urekebishaji katika kijiji cha Ajoya ulioendeshwa na wanakijiji ambao wengi wao walikuwa wenyewe na ulemavu. Kina sehemu ya mpasuko wa mdomo na kaakaa, lakini faida yake kubwa ni mtazamo unaokipitia chote, kwamba mtoto na wazazi wake ni washiriki katika tiba na kwamba jirani mwenye ujuzi mdogo anaweza kufundishwa kusaidia. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayesoma Kiingereza atakifurahia. Mzazi wa kawaida atakiona kinene mno.

Vitabu vya wazazi vilivyoandikwa Marekani, kama vile Children with Facial Difference cha Hope Charkins kilichotoka mwaka 1996, vimesaidia familia nyingi za huko, na sehemu zinazozungumzia huzuni ya wazazi, wivu wa ndugu na namna ya kumjibu mtu anayekodolea macho zingeweza kusomwa popote. Tatizo la vitabu vya aina hiyo liko katika nchi vinayoichukulia kuwa ipo: nchi yenye chupa maalumu za kunyonyeshea dukani, bima inayolipa, na timu ya wataalamu inayokutana chini ya paa moja. Mama wa Mufindi akisomewa habari hizo anaweza kuhitimisha kwamba mwanawe hana tumaini, ingawa kikombe kilichopo jikoni mwake kinatosha kwa miezi yote kabla ya upasuaji.

Kuna chapisho moja ambalo kila mama anayefika kliniki ya mama na mtoto hupewa, nalo ni kadi ya kliniki, yenye chati ya uzito na orodha ya chanjo. Haihesabiwi kuwa kitabu, lakini ndiyo maandishi yanayohifadhiwa kwa uangalifu kuliko yote katika nyumba nyingi, yakiwa yamefungwa katika mfuko wa nailoni pamoja na vyeti. Kwa mtoto mwenye mpasuko chati hiyo ni muhimu maradufu, kwa kuwa madaktari wa upasuaji wamezoea kutumia kanuni ya makumi inayotaka mtoto awe na umri wa angalau wiki 10, uzito wa ratili 10, sawa na kilo 4.5 hivi, na damu isiyopungua gramu 10 za himoglobini kwa desilita, himoglobini ikiwa ni kile kinachobeba hewa safi katika damu. Mstari unaopanda kwenye kadi ndio unaompeleka mtoto chumba cha upasuaji, na mstari uliolala humrudisha nyumbani. Karatasi moja ya maelezo iliyokunjwa ndani ya kadi hiyo ingeifikia familia kwa hakika kuliko kitabu chochote cha dukani.

Kwa kawaida mdomo hushonwa mtoto akiwa na miezi 3 hadi 6, na kaakaa kati ya miezi 9 na 18, ili lifungwe kabla mtoto hajaanza kuzungumza sana. Gharama, ambayo zamani ilikuwa kizuizi kikubwa, imepunguzwa na mashirika kama Smile Train, lililoanzishwa mwaka 1999, ambalo hulipia upasuaji unaofanywa na madaktari wa nchi husika katika hospitali kama CCBRT ya Dar es Salaam na Bugando ya Mwanza. Familia ya Nyanda za Juu Kusini huanzia zahanati, ikapewa rufaa hadi hospitali ya mkoa ya Iringa au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya, na huko ndiko inapoelezwa kama itasubiri kambi ya upasuaji au itasafiri. Vipeperushi vya mashirika haya hupenda kuweka picha mbili, ya kabla na ya baada. Picha hizo humpa moyo mzazi aliyekata tamaa, na hilo si jambo dogo. Lakini humfundisha pia kwamba safari imeishia kwenye mshono, jambo ambalo si kweli kwa mtoto mwenye mpasuko wa kaakaa.

Usemi ndio unaosahauliwa. Sauti kama m na n hutolewa kwa hewa kupita puani, kwa hiyo mtoto ambaye kaakaa lake halijafungika vizuri hutamka “mama” bila shida, ilhali b, p, t, k na s zinahitaji hewa ibanwe kinywani, na hapo “baba” huweza kusikika kama “mama” nyingine. Wataalamu wa tiba ya usemi ni wachache Tanzania, na mkazi wa Chunya hawezi kumwona mtaalamu kila wiki. Kijitabu cha michezo ya maneno, chenye papai, paka, tete na kasa, ambacho dada wa mtoto aliye darasa la nne anaweza kumsomea kila jioni, hakimalizi kazi ya mtaalamu, lakini huijaza miezi iliyo kati ya ziara moja na nyingine. Kijitabu hicho lazima kitungwe kwa Kiswahili tangu mwanzo, kwa sababu mazoezi ya sauti hayatafsiriki.

Shuleni mahitaji hubadilika tena, na hapa wanaingia pia watoto ambao nyuso zao zimebadilishwa na moto, ajali isiyo ya ajabu katika nchi ya baridi ambako jiko la kuni ni mahali pa kuotea. James Partridge, Mwingereza aliyeungua vibaya usoni mwaka 1970 akiwa na miaka 18, aliandika mwaka 1990 kitabu Changing Faces, na miaka miwili baadaye akaanzisha shirika lenye jina hilohilo; mchango wake ulikuwa kuonyesha kwamba kukabiliana na macho ya watu ni ujuzi unaofundishika. Kwa upande wa hadithi, riwaya ya Wonder ya R. J. Palacio, ya mwaka 2012, humfuata mvulana wa miaka 10 mwenye uso usio wa kawaida anapoanza shule, na sehemu yake moja husimuliwa na dada yake, sauti ambayo vitabu vya tiba huisahau kabisa. Wanafunzi wa sekondari wa Tanzania wanakijua kitabu kilicho karibu zaidi, Takadini cha Ben Hanson cha mwaka 1997, kuhusu mama anayekimbia ili mwanawe mwenye ualbino asiuawe. Kimesomwa kwa ajili ya mitihani na vizazi kadhaa vya wanafunzi, na mwalimu wa Mbeya angeweza kukitumia kufungua mazungumzo kuhusu mwanafunzi mwenye kovu la mdomo. Kikwazo ni kwamba kimeandikwa kwa Kiingereza, na watoto wanaotaniana vikali zaidi wako bado shule ya msingi.

Pengo hilo la hadithi za Kiswahili kwa darasa la pili na la tatu linaweza kuzibwa bila kusubiri wafadhili wa mbali. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ulioanza mwaka 1991, ulithibitisha kwamba waandishi na wachoraji wa nchini wanaweza kutoa vitabu vya watoto vyenye ubora. Mjini Iringa, Neema Crafts, iliyoanzishwa mwaka 2003 chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana, ilianza na vijana watatu viziwi waliotengeneza karatasi kwa kinyesi cha tembo, na tangu hapo imeajiri watu wengi wenye ulemavu. Maktaba za mkoa za Mbeya na Iringa zina rafu ambazo wasomaji huzifikia bila kununua kitabu. Kitakachotungwa kinapaswa kuandikwa kwa sentensi zinazoweza kusomwa kwa sauti na kugeuzwa papo hapo kuwa Kihehe, Kisafwa au Kinyakyusa, kwa kuwa katika nyumba nyingi za vijijini anayeamua kama mtoto atapelekwa hospitali ni bibi, na bibi huyo atakisikia kitabu kutoka kwa mjukuu anayekisoma.